Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ushuhuda Mitaani, Tanga Mjini

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu atazisoma mhazini, na mahudhurio anayo katibu. Mimi nitasema juu ya jambo moja: namna tunavyomwendea mtu tusiyemjua, iwe stendi ya Kange, soko la Mgandini, soko la samaki la Deep Sea au kwenye baraza za Ngamiani, na nini kinamfuata mtu huyo tukishaagana naye.

Uamuzi mkubwa wa mwaka huu ulikuwa kuweka kando kipaza sauti na kutoka wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale sabini katika Luka 10. Wapo waliouliza kama huko si kupoa. Sivyo. Kwa kipaza sauti tunasikika mpaka barabara ya pili, lakini hatumsikii mtu yeyote, na mwenye mzigo moyoni hawezi kuutua mbele ya spika.

Katika wawili, mmoja azungumze na mwenzake anyamaze, aombe kimoyomoyo na kuangalia mazingira: basi la mtu linaanza kuita? Mteja wake amefika? Wakisema wote, mgeni hujiona amezingirwa, atatafuta njia ya kutoka badala ya kusikiliza. Simameni ubavuni mwake, msizibe njia wala meza ya biashara. Mwanamke aliye peke yake aendewe na dada zetu.

Salamu ya Tanga haina haraka. Mkubwa apewe shikamoo, marahaba yake isubiriwe, kisha habari za nyumbani na za kazi. Anayeanza na "umeokoka?" kabla ya salamu amekwisha kukosa adabu, na atakalosema baadaye halitapokelewa. Baada ya salamu jitambulishe waziwazi: sisi ni Wakristo, tunazungumza na watu habari za Yesu, una dakika tano? Usijifanye unauliza njia au bei ya nazi ili upate upenyo; mtu akigundua, atahesabu na Injili yenyewe kuwa ni hila. Tujifunze pia kuitambua hapana ya pwani. Mtu wa hapa hapendi kumfukuza mgeni, kwa hiyo hapana yake huja kama "inshallah, siku nyingine", au macho yanayorudi kwenye simu kila mara. Hiyo ni hapana. Shukuru, muage, usirudi kwake siku ile.

Akikubali, swali litangulie hotuba. Muulize anayaonaje maisha, au amewahi kusikia nini juu ya Yesu, kisha sikiliza mpaka amalize. Ushuhuda wako usizidi dakika tatu. Fungu liwe moja, si sita. Luka 15:11–32, mfano wa mwana mpotevu, linafaa sana, kwa kuwa kila nyumba inamjua mtoto aliyeondoka. Mpe Biblia asome mwenyewe ikiwa anapenda kusoma, kisha muulize ameona nini hapo. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Kwa majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mitaa tunayopita, kamati imeamua hivi: hatufanyi mihadhara ya kushindanisha dini. Watu wakianza kujaa, mazungumzo yamekwisha kugeuka pambano, na katika pambano hakuna anayeweza kukiri kwamba ameguswa bila kuaibika mbele za watu. Hapo agana naye kwa heshima, mpange siku nyingine akitaka. Usinukuu Kurani usiyoisoma. Usimseme Mtume wao. Kanuni ya Adhabu inakataza maneno ya makusudi ya kuumiza hisia za dini, lakini hata sheria isingekuwepo, 1 Petro 3:15 inatutaka tujibu kwa upole na hofu. Ijumaa mchana hatutoki, wala hatusimami karibu na msikiti wakati wa adhana. Mwezi wa Ramadhani hatuli wala kunywa tukiwa kazini mitaani.

Kuhusu ruhusa, Ibara ya 19 ya Katiba inaacha kazi ya kueneza dini iwe huru na hiari ya mtu, kwa kufuata sheria za nchi. Tukitaka mkutano wa hadhara, taarifa ya maandishi yenye mahali, saa na madhumuni ifike polisi si chini ya saa 48 kabla. Mazungumzo ya watu wawili si mkutano, lakini stendi ina uongozi, soko lina uongozi, na mtaa una mwenyekiti wake. Tangulieni kwao. Mmisionari Krapf alipopanda Usambara mwaka 1848 alikwenda kwanza Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mwenye nchi. Adabu hiyo haijapitwa na wakati.

Saa nayo ina mambo yake. Kange, mwendee aliyekwisha kukata tiketi na kukaa, si anayeshuka na mizigo. Deep Sea asubuhi samaki wanaposhuka hakuna mwenye sikio, kwa sababu kila dakika samaki anapoteza bei. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, kwa hiyo siku za mbalamwezi wengi hubaki pwani wakishona nyavu. Hizo ndizo siku zetu, na ratiba mpya imefuata mwezi.

Kitabu tunachogawa ni Injili ya Marko, kimoja kwa mtu, baada ya mazungumzo na kwa anayekitaka. Sura ni 16. Akisoma moja kwa siku anamaliza ndani ya wiki mbili na siku mbili. Kugawa ovyo kumekoma. Kilichopokelewa kwa aibu hutupwa mtaroni, na jirani akiona maandiko yenye jina la Mungu yanakanyagwa, anaona kwamba sisi wenyewe hatuyaheshimu. Masika vitabu vikae kwenye mfuko wa nailoni.

Mtoto asiye pamoja na mzazi wake tusimpe mafundisho. Hospitali ya Bombo tuingie saa za kuona wagonjwa na kwa idhini ya wauguzi. Mgonjwa hawezi kuinuka akaondoka, basi muulize mara mbili kama anataka. Hatutoi fedha wala chakula kwa sharti la kusikiliza.

Sasa ufuatiliaji, ambako ndiko tunakopoteza watu. Sala ya toba isiharakishwe. Wengine huisema ili tu uwaachie. Kamati haitahesabu sala za barabarani kuwa waongofu. Kinachoandikwa, kwa idhini ya mtu, ni jina alilotaja, simu, mtaa, saa inayomfaa na swali aliloacha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo namba zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp. Muulize pia kama simu yake inashikwa na mtu mwingine nyumbani. Ujumbe mmoja wa "karibu kwa Yesu" ukisomwa na asiyehusika, unaweza kumfukuzisha mtu kwao.

Apige yule yule aliyezungumza naye, kabla ya siku ya tatu. Wakipiga watu wanne anaogopa. Akipigiwa siku ya kumi, amekwisha kusahau sura na sauti. Wakutane tena ndani ya wiki moja, mahali pa wazi, waanze Marko sura ya kwanza. Akitaka ushirika, tumpeleke kwenye usharika ulio karibu na kwake, hata kama si wetu: nauli ya kila Jumapili imewakatisha wengi tamaa.

Madaftari mapya yatagawiwa mlangoni, moja kwa kila wawili. Ya zamani yarudishwe kwa katibu kabla ya Jumapili ijayo, awaulize waliomo kama bado wanataka kutembelewa, ahamishe waliokubali, na kurasa zilizobaki zichomwe.