Jumamosi Kololo, chakula cha motoni

Habari zenu wapendwa, mambo ya Jumamosi yamekaa sawa, tumepata meza kwenye mgahawa mmoja wa Kololo, hapa Kampala, saa moja jioni, na naomba tufike kwa wakati kweli maana pale jiko liko wazi mbele ya wageni na nyama inawekwa motoni mkiwa mmeshakaa, hawapashi chakula. Wanaouliza kwa nini tulipe laki na nusu wakati muchomo (nyama choma) wa Wandegeya upo, muchomo hata mimi naupenda sana, ila huyu mpishi anachoma kuni mpaka ziwe makaa mekundu ndo anaanza kupika, hapiki kwenye ndimi za moto, halafu nyama ikitoka inapumzika kwanza ndo inakatwa ili maji yake yasimwagike yote kwenye sahani. Kule Hispania kuna mgahawa wa kupikia motoni, Asador Etxebarri, hao hata aiskrimu wanatengeneza kwa maziwa yaliyopitishwa moshi! Huku tutapata sangara na gonja (ndizi) za makaa, na sangara ndo nawaomba msimkose.

Asiyekula nyama aniambie leo, mboga za kuchoma zipo. Nusu ya hela tumeni kwa simu kabla ya Alhamisi, mvua ikinyesha tutapanga magari.