Neno moja lililofuta hesabu za kikoba

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na vijana wanaotengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya vikoba, maduka na shule ndogo za mitaani, na pia na walimu wenzangu tunaowafundisha vijana hao. Jambo lenyewe ni namna programu inavyofungua faili la maandishi kabla ya kuandika ndani yake. Kwa kulitazama ni dogo mno, lakini limekipotezea kikoba chetu kumbukumbu za miezi saba, na nisingependa yampate mwingine.

Kikoba hicho, ambacho mimi ni mwanachama wake, kilikuwa kikiweka hesabu za hisa katika faili moja la maandishi kwenye kompyuta ya mezani, kila mstari ukibeba tarehe, namba ya mwanachama na idadi ya hisa alizonunua. Kazi ilikwenda vizuri hadi tulipomwomba kijana mmoja atuongezee kitufe cha kuchapa risiti. Katika kupangapanga upya ile programu, aliuandika tena mstari unaofungua faili na akasahau kuandika neno moja la mwisho, True. Jumamosi iliyofuata mweka hazina aliingiza hisa za mwanachama wa kwanza, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kompyuta ikamjibu kwamba taarifa zimehifadhiwa. Akaingiza za wa pili, akajibiwa vile vile. Alipofungua orodha ahakikishe, alikuta mstari mmoja tu, wa huyo wa pili.

Programu ile iliandikwa kwa Visual Basic, mojawapo ya lugha za kuandikia programu. Humo faili la kuandikwa hufunguliwa kwa StreamWriter: ukiandika StreamWriter("hisa.txt", True), maandishi mapya hukaa chini ya yale ya zamani; ukiandika StreamWriter("hisa.txt") ukaishia hapo, umeamuru yote yaliyomo yafutwe. FileWriter ya lugha ya Java nayo ina tabia hiyo hiyo: ukinyamaza, inachukulia kuwa umeridhia kufuta. Lugha ya Python hutumia herufi, ambapo "a" huongeza mwishoni na "w" hufuta kwanza ndipo iandike, na tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 ipo pia "x", ambayo hukataa kabisa kufungua ikiwa faili lenye jina hilo lipo tayari.

Kuna jambo ambalo nimeona linawapita hata wenye uzoefu, nalo ni kwamba ufutaji hausubiri programu ianze kuandika, bali hufanyika pale pale faili linapofunguliwa. Hata programu ikikwama kabla ya kuandika herufi moja, faili limeshabaki tupu. Na yaliyofutwa kwa njia hii hayaendi kwenye pipa la taka la Windows, kwa kuwa hakuna faili lililoondolewa: lipo mahali pake kwa jina lake lile lile, ila ndani hamna kitu. Mweka hazina wetu alipekua pipa hilo kwa nusu saa, jasho likimtoka, na sikuwa na la kumwambia.

Darasani nimekuwa nikiwauliza wanafunzi swali moja kabla hawajagusa faili lolote: hili ni ubao au ni daftari? Bei za leo dukani, jina la printa, ukubwa wa maandishi anaoupenda mtumiaji, hayo ni ya ubao. Cha zamani kifutwe kipishe kipya, na ukiyaongeza mwishoni kila siku, programu itakuta printa kumi isijue itumie ipi. Hisa, mauzo na mahudhurio ni ya daftari. Mtunza daftari mwaminifu akikosea hachani ukurasa, huandika mstari mwingine wa kusahihisha, na yeyote atakayekuja kukagua huona kosa na sahihisho lake.

Kuongeza mwishoni nako kunataka uangalifu. Mtu akibonyeza kitufe mara mbili, mwanachama huandikiwa hisa mara mbili. Na mstari uliotangulia usipofungwa vizuri, mpya hugandana nao, tarehe ikaungana na hesabu ya mwingine. Tena zipo nyakati ambapo hakuna budi kuandika faili zima upya, kwa mfano namba za wanachama zinapobadilishwa. Hapo ninawasihi vijana wasiliguse faili la asili. Waandike kila kitu katika faili jipya la muda, walifunge, wahakikishe limekamilika, ndipo walibadilishane nafasi na la zamani. Visual Basic ina amri ya File.Replace ambayo hufanya mabadilishano hayo na, ukiitaja nakala ya akiba, humwekea mwenye mali faili lake la zamani. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kinachoharibika ni lile la muda, na sote tunajua umeme wetu unavyokatika.

Kikoba kiliokolewa na karatasi. Wanachama waliitwa na vitabu vyao vya hisa, tukakaa siku mbili kuhesabu mihuri ukurasa kwa ukurasa, na vitabu viwili vilivyokuwa vimelowa mvua vilitupa taabu kubwa kuliko vingine vyote.

Simlaumu yule kijana. Aliandika kama alivyofundishwa, kwa sababu mfano wa kwanza tunaowapa wanafunzi karibu siku zote ni ule unaofuta: ni mfupi, na matokeo yake huonekana mara moja. Kisha tunasahihisha zoezi kwa kuiendesha programu mara moja, tunaona faili limetokea na jina la mwanafunzi limo ndani, tunampa alama zote. Nawaomba walimu wenzangu tuiendeshe mara ya pili kwa jina tofauti, tulifungue faili, tutazame kama lile jina la kwanza bado lipo. Nimeanza kufanya hivyo muhula huu, na zaidi ya nusu ya kazi nilizozipokea wiki ya kwanza nimezirudisha kwa wenyewe.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro