Shukrani kwa aliyetufundisha kuisoma tsuba

Ndugu yetu usiyetaka jina lako litajwe, ahsante sana. Picha zako za tsuba, kile kikingio cha mkono kwenye upanga wa Kijapani, zimetufaa kuliko maelezo marefu: pande zote mbili, ukingo, na kuta za ndani za matundu. Unene nao uliupima mara mbili, kando ya tundu la kati na ukingoni. Wengi hupima mara moja, wakakosa kujua kama sahani inanenepa au inakonda kuelekea nje.

Somo la kutambua tsuba bandia za chuma cha kusubu ndilo lililotuokolea fedha. Kilichomiminwa kwenye kalibu huonyesha vishimo vya hewa, mshono mwembamba ndani ya matundu na kona butu. Kilichofuliwa na kukatwa huacha alama za patasi na tupa. Vipande vya shaba vilivyobanwa kwenye tundu la kati huonyesha kuwa tsuba ilirekebishwa ikae sawa na upanga. Visipokuwepo, si ushahidi wa ughushi. Saini? Hata jina maarufu huchongwa na matapeli.

Na kuhusu kutu jekundu, ahsante kwa ukali wako! Mafuta kidogo, kisha kukwangua taratibu kwa ncha ya mfupa au pembe, siku baada ya siku. Msasa, siki na brashi ya waya huondoa ile rangi ya kale, nayo hairudi. Shakudo, shaba yenye dhahabu kidogo, haikwanguliwi kabisa: weusi wake ni utando mwembamba tu wa juu.