Viatu mlangoni

Kondele, Kisumu
Jumapili jioni

Kwako Kalulu,

Habari za Nakuru? Sisi hatujambo. Mama naye anaendelea vizuri, ni magoti tu yanayomsumbua msimu wa mvua. Anakusalimu sana. Bado anakuita jina tulilokupa darasani ulipokuwa ukimnakili Juha Kalulu, yule wa katuni za Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo, nyuma ya daftari la hisabati.

Ninakuandikia kwa sababu ya kitabu. Mwezi jana nilikuwa soko la Kibuye nikitafuta viatu vya shule vya watoto, nikapita kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubali chini. Kati ya vitabu vya kemia na vya dini nikaona kimoja cha katuni, panya wawili wamekumbatiana jaladani. Wajua katuni kwetu zilikuwa nini: Spider-Man, Superman, ngumi, majengo yanaporomoka, mwovu anashindwa. Nilipofika kidato cha pili niliziacha, nikaona nimeshakuwa mkubwa. Basi nikatoa shilingi 150 nikijua ninamnunulia kifungua mimba wangu.

Sikumpa. Kitabu chenyewe ni Maus, cha Mmarekani Art Spiegelman. Anamketisha baba yake Vladek, Myahudi wa Poland aliyetoka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akiwa hai, na kumuuliza yaliyompata. Wayahudi amewachora panya, Wanazi paka. Kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, na sishangai. Kuna picha moja nimeirudia hata sijui mara ngapi. Vladek na mkewe Anja wanatembea, hawana pa kwenda. Njia iliyo mbele yao imejikunja pande zote nne, na ukiitazama vizuri unaona ni ile alama ya Wanazi. Mchoraji hakukuelezea. Amekuachia uione mwenyewe kwamba washike upande wowote, bado wamo mumo humo.

Na huyo baba si shujaa hata kidogo. Ni mzee mgumu, bahili, anagombana na kila mtu. Anaokota kipande cha waya wa simu barabarani kwa kuwa huenda kikafaa siku moja. Nilipofika hapo nikafunga kitabu. Kalulu, nyuma ya mlango wa mama kuna msumari, na msumarini kuna mkoba wenye vyeti vyetu vya kuzaliwa, kitambulisho chake na kanga moja. Umetundikwa pale tangu Januari 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Mara ngapi nimemwambia autoe, unaharibu rangi ya mlango!

Baada ya hapo nikawa natafuta vingine. Jirani anayesoma Maseno akaniazima Persepolis ya Marjane Satrapi, nyeusi na nyeupe tupu, hakuna kijivu. Kinaanza mwaka 1980 huko Iran, yeye ana miaka 10, wasichana wamelazimishwa kuvaa ushungi. Kuna picha ya darasa, naye amekaa pembeni kabisa hata fremu imemkata, haonekani. Hujasoma neno la siasa, na tayari umeelewa. Halafu Aya, kilichoandikwa na Marguerite Abouet wa Côte d'Ivoire na kuchorwa na Clément Oubrerie. Hicho kilinichangamsha roho. Ni mtaa wa Yopougon, Abidjan, mwaka 1978. Msichana anataka kuwa daktari, wenzake wanataka kucheza dansi, na usiku vijana wanakutana kwa siri kwenye meza tupu za soko. Hakuna vita, hakuna njaa, ni watu wanaishi tu. Niliziona meza za Kibuye mle ndani.

Ila Maus ndiyo iliyonifikisha kwa mama. Nilimwonyesha. Akafunua kurasa taratibu, akauliza, "Huyu anayeuliza ni mtoto wake?" Nikasema ndiye. Akanyamaza, akamaliza chai yake, kisha akaanza kusema. Miaka yote hii hajawahi.

Akanisimulia uwanja wa Afraha hapo Nakuru, tulikokimbilia, na lori lililotuleta huku. Akanisimulia kichwa cha cherehani alichokipakata njia nzima, kwa sababu miguu ya chuma ilibidi iachwe. Halafu akafika kwenye zile siku tatu nyumbani kwenu. Mimi nakumbuka tu kwamba tulilala chini ya kitanda chako na tulikatazwa kukohoa. Je, ulijua habari ya viatu? Kila jioni mama yako alikuwa akitoka kuviingiza ndani viatu vyangu na vya mama, ili jozi zilizobaki mlangoni zilingane na idadi yenu. Akivipanga hivyo vilivyobaki, kimoja kimoja, huku vijana wakipita barabarani.

Nataka uichore hiyo. Mimi naweza kuiandika, lakini nikiiandika itanibidi nieleze, nayo haitaki maelezo. Inataka mlango, mkono wa mama yako, na viatu. Unao mkono huo, hata kama siku hizi unachora mabango ya maduka.

Nimempa dereva wa matatu ya Nakuru bahasha, utaipata stendi Jumatano. Ndani kuna Maus (nirudishie), penseli tatu na daftari lisilo na mistari. Muulize mama yako kuhusu usiku wa pili, maana wangu anasema aliusikia mlango ukigongwa, ila hakusikia mama yako alijibu nini.

Ni mimi rafiki yako wa dawati la nyuma.