Je, Mtambo wa Upepo Utapasha Joto Shamba Lako?

Tukienda kufunga mtambo wa upepo huku Kajiado, mara nyingi swali la kwanza halihusu bei. "Kijana, mapanga haya si ndiyo yanafukuza mvua?" mzee mmoja alituuliza tukiwa bado tunachimba shimo la nguzo. Wengine huuliza kuhusu joto. Wana haki ya kuuliza, maana mfugaji anaishi kwa hali ya hewa, na anayemuuzia kitu cha kusimama juu ya malisho yake anapaswa kumjibu bila kumzungusha.

Ni kweli kwamba mitambo mikubwa ya upepo inaweza kubadilisha joto la ardhi iliyo chini yake. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya setilaiti kutoka Texas, Marekani, vya miaka ya 2003 hadi 2011. Ardhi yenye mitambo ilikuwa imepata joto kuliko ardhi jirani isiyo nayo, kwa kiwango kilichofikia nyuzi 0.72 za Selsiasi kwa muongo, hasa usiku.

Kwa nini usiku? Jua likizama ardhi hupoa upesi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hulala chini. Juu yake kuna hewa yenye joto zaidi. Mapanga yakizunguka huzikoroga tabaka hizo mbili, ya joto ikashuka na ya baridi ikapanda. Kipimajoto cha chini kitapanda, lakini hakuna joto jipya lililozaliwa. Limehamishwa tu kutoka juu. Mchana jua lenyewe huwa limeshaikoroga hewa, ndiyo maana tofauti huwa ndogo.

Na ile nguvu inayochotwa kwenye upepo? Upepo ni kazi ya jua. Usipoushika, utajisugua kwenye vilima na miti hadi nguvu yake igeuke joto. Ukiushika, umeme wake utawasha taa na friji, kisha nao utageuka joto. Dunia haijaongezewa kitu. Jenereta ya dizeli ni habari nyingine kabisa: kila lita inayochomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hubaki angani kwa vizazi, ikizuia joto la dunia lisitoke.

Hatufichi kwamba ukubwa una athari. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard walikokotoa kwamba Marekani ikifua umeme wake wote kwa upepo, ardhi ya nchi hiyo ingepata joto la takriban nyuzi 0.24 zaidi. Si kidogo. Ila mapanga yakisimama, mkorogo huo nao unakoma; hewa ya ukaa haina swichi ya kuzima.

Sasa tuje shambani kwako. Mtambo tunaoufunga una mapanga yenye kipenyo cha mita 3. Upepo ukivuma mita 6 kwa sekunde, unakupa takriban wati 250. Jua la saa sita mchana, anga likiwa wazi, humwaga karibu kilowati 4,000 juu ya ekari moja. Mbuzi wako hawatahisi tofauti yoyote.

Kuhusu mvua, mvua zetu hutegemea unyevu unaotoka Bahari ya Hindi na mabadiliko ya joto la bahari zenyewe. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ikakosa mvua ya kutosha, uliunguza Wajir na Mandera, mbali kabisa na mitambo ya Ngong na Kipeto. Inauma kuona mtu aliyepoteza ng'ombe wake akiambiwa kwamba mkosaji ni nguzo ya jirani.

Yapo mambo ambayo tungependa utuulize zaidi. Nguzo itasimama umbali gani na chumba cha kulala, maana mapanga yana sauti? Miti iliyo karibu ina urefu gani? Usikubali fundi aufunge mtambo juu ya paa la mabati: mtetemo utalegeza misumari na nyumba yote itavuma usiku. Na tukipima tukakuta upepo wako ni hafifu, tutakushauri ununue paneli za sola.