Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Machujio Yetu na Manyoya ya Paka na Mbwa

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi naomba nizungumzie jambo moja lililoishughulisha kamati kuliko mengine yote mwaka huu: machujio ya kopo, yale yanayokaa kabatini chini ya tangi la samaki, katika nyumba zenye paka au mbwa.

Naanza na kosa langu. Mwaka jana niliwaambia kwamba chujio la aina hii likifunguliwa kila baada ya miezi 3 inatosha. Ushauri huo unafaa nyumba isiyo na mnyama wa manyoya. Waliokuwa na paka au mbwa wakaufuata walipata tabu, nami nawaomba radhi.

Nililitambua hilo nyumbani kwa mwanachama mmoja. Pampu ilikuwa inavuma, lakini maji yakirudi tangini kwa mkondo mwembamba kama uzi. Tukafungua tukidhani sponji zimeziba. Hazikuwa chafu hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwenye impela, lile pangaboi dogo linalosukuma maji. Manyoya ya paka yalikuwa yamejisokota kwenye mhimili, mzunguko juu ya mzunguko, yakashikana na utelezi hadi yakawa kamba. Tuliyakata kwa wembe kidogo kidogo, maana mhimili ule ni wa kauri, na ukiulazimisha unakatika.

Manyoya huangukia juu ya maji, hulowa, huzama, kisha huvutwa na bomba la kuingizia. Kinga yake ni sponji ya kuvalisha mdomo wa bomba hilo. Isuuzwe kila wiki. Kabla ya kuivua, ifunike kwa mfuko mdogo humo humo majini, la sivyo uchafu wote utarudi tangini. Chujio lenyewe, kwa wenye wanyama, sasa tunashauri lifunguliwe kila baada ya wiki 4 hadi 6, na impela itolewe kila mara hata kama maji yanatoka vizuri.

Kusuuza kuna adabu yake. Ndani ya sponji na vipete vya kauri, vile vipande vidogo vya mviringo vilivyomo ndani ya chujio, wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitreti ambayo haina madhara makubwa. Klorini ya maji ya bomba huwaua. Mwenzetu mmoja alivisugua vipete vyote chini ya bomba hadi viking'aa, na siku chache baadaye samaki wake wakawa juu ya maji wakitweta. Tumia maji uliyoyachota tangini siku ya kubadilisha maji. Wala usibadilishe sponji zote kwa mkupuo.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria hao humaliza oksijeni iliyomo koponi na kuanza kufa. Mwaga maji hayo kwanza, usuuze, ndipo uwashe.

Sasa kuhusu kuvuja. Hili limenipata mwenyewe. Jioni nilifunga mfuniko kwa haraka huku mbwa amelala miguuni pangu, asubuhi nikakuta sakafu ya kabati imeloa. Chanzo kilikuwa unyoya mmoja tu, uliokuwa umelala juu ya mpira wa mfuniko. Tangu siku hiyo naupangusa mpira kwa kitambaa chenye unyevu, napitisha kidole kwenye mfereji wake wote, halafu naupaka grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando msiyatumie, baadhi ya mipira huvimba na kuharibika. Kopo likae ndani ya beseni. Waya wa umeme uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda, ili tone likiteremka lianguke njiani lisifike kwenye plagi. Na plagi ing'olewe kabla mkono haujagusa maji, kila mara.

Jambo zito kuliko yote nimeliacha hapa kwa makusudi. Mwanachama mmoja alipoteza samaki wake wote baada ya kumpaka mbwa dawa ya viroboto, kisha akatia mkono tangini kurekebisha bomba. Dawa nyingi za viroboto na kupe zina permethrini, na kiasi kidogo sana cha sumu hiyo kinaua samaki. Sumu hiyo huwadhuru paka pia, kwa hiyo dawa ya mbwa asipakwe paka kamwe. Siku ya dawa, kazi ya tangi iahirishwe. Ukipulizia dawa ndani ya nyumba, funika tangi na uzime pampu ya hewa, kwa sababu inavuta hewa ya chumbani na kuiingiza majini. Ikishatokea bahati mbaya, badilisha maji mengi mara moja na uweke kaboni mpya, yaani makaa yanayofyonza sumu, kwenye chujio.

Kamati inaleta hoja moja: chama kiwe na sanduku la vipuri vya pamoja, yaani mipira ya mifuniko, impela na mihimili, ili mtu asikae siku 3 bila chujio akisubiri kipande kidogo. Kuna karatasi inayopita. Naomba kila mmoja aandike aina ya chujio lake, na kama ana paka au mbwa, ili katibu ajue vipuri vipi vinunuliwe kwanza.

Mwenyekiti