Barua kwa Somo Yangu: Kigango Chetu Sasa ni Parokia

Dodoma, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Huku hatujambo, ila upepo na vumbi vya kiangazi unavijua mwenyewe. Juzi uliniuliza kama ni kweli kigango chetu kimekuwa parokia, salio likaisha kabla sijakujibu. Ni kweli. Tuna paroko anayelala hapa hapa. Yale mambo ya kumsubiri padri wa pikipiki chini ya mbuyu, na mvua ikinyesha haji, yameisha.

Wewe uliolewa ukaondoka kabla ya Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Unamkumbuka yule mzee wa kanisa aliyesema TANU iliamua kuhamia huku tangu 1973, na kwamba yeye atahamia mbinguni kwanza? Basi, alitangulia kweli. Serikali nayo ikaja. Mashamba ya uwele yakapimwa viwanja, nyumba zikaota, na kanisani tukaanza kukaa na Wahaya, Wachaga na Wanyakyusa wenye suti. Misa moja ikawa tatu, na bado wengine wanasalia madirishani.

Watu wakisema parokia imekua wanamaanisha jengo. Sikatai, ni zuri, na michango yake tumeitoa mpaka tukakoma. Kila Jumapili bahasha mpya. Lakini mimi naona tumekua kwenye jumuiya, vile vikundi vya majirani tunaosali pamoja majumbani. Kwenye semina ya viongozi padri alitueleza kwamba mwaka huo huo wa 1973 maaskofu wa ukanda wetu walikutana Nairobi, wakaona Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo. Nikacheka moyoni. Maamuzi mawili ya mwaka mmoja, na yote yamekuja kukutana sebuleni kwangu, kwenye mikeka yangu!

Mwanzoni tulisumbuana sana. Wageni wengi familia zao zilibaki Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Ijumaa jioni hao wanaondoka. Jumuiya yetu, unajua, ilikuwa Jumamosi alfajiri. Wenyeji wakanung'unika kwamba hawa wanakuja kutafuta saini ya mwenyekiti wa jumuiya tu, mtoto apate kubatizwa. Mwisho tukahamishia sala Jumatano jioni. Wazee walinuna wiki kadhaa, kisha wakaja na tochi zao.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa uongozi. Uchaguzi wa halmashauri ya walei, yaani sisi waumini tusio mapadri wala watawa, ulipofika, wageni walichukua karibu nafasi zote, maana ndio wanaojua kuandika mihtasari na kusoma mahesabu. Waliofyatua matofali ya kigango wakabaki wajumbe. Jumatano iliyofuata tukasoma Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu, wa saa kumi na moja wakalipwa sawa na wa asubuhi. Kimya. Kila mtu anaangalia miguu yake. Ofisa mmoja kijana akaanza kueleza neema ni nini, vizuri tu, kama mwalimu. Yule bibi wa nyumba ya kisimani, asiyejua kusoma hata jina lake, akamkatiza: "Mwanangu, mimi nimepalilia mizabibu ya watu maisha yangu yote. Huyo tajiri angelipa hivyo huku Hombolo, kesho yake asingepata kibarua wa asubuhi hata mmoja!" Tulicheka mpaka kijana akafunga Biblia. Bibi akangoja tunyamaze, akasema, "Lakini ndiye Mungu tuliye naye. Mimi kwake nitarudi asubuhi."

Somo, sijasikia mahubiri kama hayo. Yule kijana siku hizi ndiye anayempitia bibi na gari Jumapili, na amejitoa kwenye uhasibu wa parokia ili mmoja wa wenyeji aukalie huku akimfundisha. Hakuna aliyemwomba.

Mengine bado. Kwaya mpya ina kinanda na sare nzuri, lakini ikipita miezi bila ngoma ya muheme wakati wa vipaji, naona mama zetu wamesimama tu kama wako kwa watu. Hilo mimi nalipigania ndani ya WAWATA, umoja wetu wanawake Wakatoliki, na sitaacha. Paroko amekubali ngoma irudi siku ya mavuno. Nikamwambia ni mwanzo.

Sasa la kwako. Binti yangu anapata kipaimara mwakani na amekutaja wewe kuwa msimamizi wake. Mwombe paroko wako barua ya kukutambulisha, uitume mapema, maana katibu wetu mpya hana mzaha na karatasi. Ukija, lala kwangu, na uniletee sato wakavu. Shemeji na watoto wasalimie wote.

Ni mimi,
Somo yako